Kuchagua injini ndogo ya petroli ya shambani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka pampu ya kumwagilia, mashine ya kufyekea, ya kupukuchulia mahindi au jenereta ndogo, na anayejua kwamba uhai wa chombo chake uko kwenye injini. Tunazungumzia injini za petroli za silinda moja, zinazopozwa kwa hewa na kuwashwa kwa kuvuta kamba, kuanzia ya kubeba begani hadi ile inayoitwa HP 13 (HP ni nguvu farasi, kipimo cha nguvu ya injini). Msimamo wetu tuuseme mapema: injini ya kuaminika ni ile inayoimudu kazi yako bila kukamuliwa, yenye filta ya hewa inayolingana na vumbi lako, na ambayo kabureta, ringi na gasketi zake zinapatikana mjini kwenu. Jina lililobandikwa kwenye tangi linafuata baada ya hayo.

Nikiingia dukani, nianze kuuliza nini?

Usianze na bei, wala usianze na jina. Anza kwa kueleza kazi: itafanya saa ngapi kwa siku, itazungusha nini, mahali pana vumbi kiasi gani, na fundi wa karibu yuko wapi. Mkulima wa mchicha na nyanya anayemwagilia saa mbili kila baada ya siku mbili ana mahitaji tofauti kabisa na kijana anayezunguka vijijini na mashine ya kupukuchua mahindi, saa nane kwa siku, msimu mzima. Wa kwanza anaweza kutumia injini ya bei ya kati akaitunza ikamfaa kwa miaka. Wa pili kila siku mashine inapolala anapoteza wateja, kwa hiyo kwake injini ghali yenye spea karibu ndiyo rahisi.

Muuzaji asiyekuuliza kazi yako ila anakimbilia kukutajia HP na ofa, msikilize, kisha nenda duka la pili ulinganishe.

Injini mbili zinafanana, moja imeandikwa HP 5.5 na nyingine HP 7.5. Ipi ina nguvu?

Huenda zote mbili zina nguvu ileile. Acha stika, tafuta cc, yaani ujazo wa silinda. Huo hauongezeki kwa kuchapa stika mpya.

Chukua Honda GX160, injini ambayo karibu kila pampu ya inchi tatu sokoni ama inaitumia ama imeiga umbo lake. Ina cc 163, pistoni yake ina kipenyo cha milimita 68 na inapanda na kushuka milimita 45. Kwa miaka mingi iliuzwa kama HP 5.5. Leo Honda wenyewe wanaitaja kuwa na HP 4.8, sawa na kilowati 3.6, ikizunguka mara 3,600 kwa dakika. GX200 nayo ilikuwa HP 6.5, sasa inaandikwa 5.5, GX390 ilikuwa 13, sasa ni 11.7. Kilichobadilika hasa ni namna ya kupima. Zamani injini ilipimwa bila ekzosi wala filta ya hewa, siku hizi inapimwa ikiwa imevaa kila kitu, jinsi itakavyofanya kazi kwako.

Nchini Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Wanunuzi wa mashine za kukatia nyasi waliwashtaki watengenezaji kwa kutia chumvi kwenye HP, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2010, na mashine nyingi za huko sasa huandikwa cc au nguvu ya kuzungusha badala ya HP. Huku kwetu stika bado zinaandikwa apendavyo mwandishi.

Kanuni ya kukusaidia ukiwa umesimama dukani: kwa injini ya foo-stroki ya aina hii (tofauti yake na tu-stroki tunaieleza hapo chini), gawanya cc kwa 34. Cc 163 zinakupa karibu HP 4.8, cc 212 zinakupa kama 6.2, cc 389 kama 11.4. Stika ikitaja zaidi ya hapo kwa mbali, ujue umeongezewa karatasi. Na ikiwa ni jenereta, punguza tena, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na jenereta hizi hulazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, ambapo injini haijafikia kilele chake.

Kwa nini pampu iliyofanya kazi vizuri Morogoro inachoka nikiipeleka Mbeya?

Kwa sababu ya hewa. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini inayovuta hewa kidogo inachoma mafuta vibaya. Kitabu cha Honda kinatoa kipimo cha wazi: nguvu inapungua kwa karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nairobi kama mita 1,800. Fanya hesabu utaona kwamba karibu moja ya tano ya nguvu imekwenda kabla hujafunga mpira wa maji. Ile HP 4.8 inakuwa 3.8 hivi.

Kwa hiyo mtu wa Njombe, Makete, Kericho au Nyandarua asinunue injini iliyopimwa kwa kubana; apande saizi moja. Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi wanalijua ila hawalisemi mpaka uulize: ukizidi mita 1,500 hivi, kabureta iliyotoka kiwandani inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi kama masizi, mafuta yanaliwa, mashine inasita ukiipa mzigo. Dawa yake ni kubadilisha jeti kuu ya kabureta kwa yenye tundu dogo zaidi. Lakini mashine hiyo ukija kuiuza au kuiazima mtu wa Kilosa, Tanga au Mombasa, rudisha jeti ya kwanza. Ikiachwa itakosa mafuta ya kutosha, itapata joto kupita kiasi na kuunguza pistoni.

Tu-stroki au foo-stroki?

Foo-stroki ina oili yake ndani ya tumbo la injini, petroli inaingia peke yake. Tu-stroki haina, oili unaichanganya na petroli kwenye tangi, na ndiyo inayolainisha kila kitu. Kwa pampu, jenereta na mashine ya kupukuchulia, chagua foo-stroki bila kusita: inakula mafuta kidogo, haina kelele nyingi, na haikudai upime oili kila unapojaza.

Tu-stroki ina mahali pake. Chenso, mashine ya kufyekea begani na bomba la dawa la mgongoni vinahitaji injini nyepesi inayoweza kufanya kazi ikiwa imelalia upande wowote. Hapo tu-stroki ni mfalme, ingawa zipo foo-stroki ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, kama Honda GX35 ya cc 35.8.

Ukichukua tu-stroki, kilicho muhimu kuliko jina ni kipimo cha mchanganyiko. Sehemu 50 kwa 1 maana yake mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. 25 kwa 1 ni mililita 40. Soma kitabu cha mashine yako ujue inataka kipi, na utumie oili ya tu-stroki tu. Kupima kwa kifuniko cha soda ndiko kunakoua mashine hizi, maana leo unatia viwili, kesho mtu mwingine anatia kimoja. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, litupe sindano yake, lifunge kwa kamba kwenye dumu la petroli lisipotee.

Mashine za Kichina zinafaa, au ni lazima Honda?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na halina jibu la neno moja.

Honda walitoa injini za GX mwaka 1983, na umbo lake likafanikiwa kiasi kwamba dunia nzima imelifuata. Injini nyingi za Kichina unazoziona Kariakoo, Gerezani au Kirinyaga Road zina matundu ya bolti, urefu wa shafti na hata kabureta vinavyolingana na GX. Hiyo kwa mkulima ni faida kubwa: fundi aliyezoea moja anaifungua nyingine akiwa amefumba macho, na spea nyingi zinaingiliana. Si zote, hata hivyo. Konrodi, kamshafti na koili vinatofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi.

Ndani ya neno "Mchina" kuna watu wa aina mbili. Kuna viwanda vikubwa vyenye jina lao, kama Loncin, Lifan na Zongshen, vyote vya mji wa Chongqing. Loncin imekuwa ikiitengenezea BMW injini za pikipiki. Huyo hawezi kuitwa mbabaishaji. Halafu kuna injini zisizo na kiwanda kinachojulikana, zinazobandikwa jina lolote ambalo mwagizaji amelitaka, na mzigo unaokuja mwezi huu si lazima ufanane na uliokuja mwaka jana. Bei ya aina ya pili inavutia. Ubora wake ni bahati, na bahati haifai kumwagilia shamba ulilokopa pesa kulilima.

Jifunze kusoma namba ya injini za Kichina, ni rahisi. Katika 168F, 1 ya mwanzo ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, na F inamaanisha inapozwa kwa hewa. Kwa hiyo 168F ni ndugu wa GX160, 170F ina pistoni ya milimita 70 na kwa kawaida ni cc 210 hivi, na 188F ni ndugu wa GX390. Ukiijua namba hii huhitaji tena kubishana kuhusu stika, na duka la spea litakuelewa mara moja.

Ushauri wetu: anayefanya biashara kwa mashine, au aliye mbali na fundi, anunue Honda halisi, Yamaha au Mchina mwenye kiwanda chenye jina. Mwenye bustani ndogo karibu na mji anaweza kuchukua ya bei nafuu, mradi namba yake ni ya kawaida na abakize pesa ya oili na filta.

Nitajuaje kama Honda ni feki?

Imeandikwa "Made in China" haitoshi kuihukumu, kwani Honda wenyewe wana viwanda vya injini Thailand na Uchina. Tazama kwingine. Injini halisi ina namba yake ya aina na namba ya kipekee iliyogongwa kwenye chuma cha bloku, si stika peke yake. Maandishi ya tangi na ya ekzosi ni safi, hayana herufi iliyobadilishwa kwa hila. GX160 ina uzito wa kama kilo 15. Kitabu chake kinasomeka na kinataja namba hiyohiyo ya aina.

Lakini ulinzi mkubwa ni kununua kwa wakala anayetambulika na kupewa risiti yenye namba ya injini. Bei ikiwa nusu ya ile ya wakala, hakuna maelezo yatakayoifanya iwe halisi.

Nina Robin ya zamani, EY20. Niitupe?

Hapana, ikiwa bado inavuta. Robin ni injini za Fuji Heavy Industries ya Japani, ambayo baadaye ilichukua jina la Subaru. Kampuni hiyo iliacha biashara ya injini ndogo mwaka 2017 na Yamaha wakaichukua. EY20 ina valvu za pembeni, muundo wa zamani unaokula mafuta zaidi kuliko injini za leo zenye valvu juu, ila ni ngumu na rahisi kufungua. Spea za kuiga zipo nyingi. Itumie mpaka silinda ikatae kuchongwa tena, ila mpya ya muundo huo usinunue.

Puli niliyonunua inacheza kwenye shafti. Tatizo nini?

Umekutanisha inchi na milimita. Injini za saizi ya GX160 zinakuja na shafti ya milimita 20 au ya robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19.05. Kwa macho ni kitu kimoja. Puli ya milimita 20 ikiingia kwenye shafti ya inchi itacheza, itakula ufunguo wake (kile kipande cha chuma kinachoibana kwenye shafti), na mwisho itaharibu shafti yenyewe. Beba kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) au puli ya zamani uende kupima.

Ukinunua injini tupu ya kubadilisha, angalia pia ncha ya shafti. Pampu nyingi hutaka shafti yenye uzi, jenereta hutaka iliyochongwa kama koni, mashine za mkanda hutaka iliyonyooka yenye mfereji wa ufunguo. Injini nzima inaweza kuwa nzuri na isifungike kwa sababu hiyo tu.

Filta ya hewa ina umuhimu gani? Fundi wangu aliitoa akasema injini "inapumua" vizuri zaidi.

Badilisha fundi, au mwombe airudishe leo. Vumbi la udongo wetu lina mchanga laini ndani yake, na mchanga ukichanganyika na oili kwenye kuta za silinda unakuwa msasa. Ringi zinaisha, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inashuka, moshi wa bluu unatoka. Injini iliyotengenezwa kufanya kazi kwa miaka inaweza kumalizwa ndani ya msimu mmoja wa kupukuchua mahindi.

Hapa ndipo ununuzi wa busara unapoonekana. Injini za bei ya chini mara nyingi huja na kipande kimoja cha sponji. Kinatosha kwa pampu inayokaa kwenye majani ukingoni mwa mto. Kwa mashine ya kupukuchulia, ya kusaga makapi au ya kufyatulia matofali, tafuta injini yenye filta ya tabaka mbili, sponji juu ya karatasi, au ile ya kuogesha hewa kwenye oili, au yenye kikombe cha kuzungusha hewa ili vumbi zito lidondoke kabla ya kufika kwenye filta. Aina hizi mara nyingi zinafungika kwenye injini ileile, kwa hiyo unaweza kununua filta peke yake ukaipandisha daraja.

Sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa vizuri, hutiwa matone ya oili safi na kukamuliwa. Usiioshe kwa petroli. Ile ya karatasi haioshwi kamwe: igonge taratibu, na ikijaa nunua nyingine. Kitabu kinasema isafishwe kila saa 50 za kazi. Penye vumbi, fanya kila jioni.

Oili gani, na nibadilishe lini?

Injini hizi hazina pampu ya oili wala filta ya oili. Kuna kijiko kidogo chini ya konrodi kinachorusha oili kila mzunguko, basi. Uchafu wote unaozaliwa humo ndani unabaki humo mpaka uumwage wewe. GX160 inabeba lita 0.6 tu. Kitabu chake kinataka oili ya foo-stroki ya 10W-30, na SAE 30 kwa sehemu zenye joto. Ukikosa hizo mjini kwenu, muulize wakala ipi ya kufuata kwa joto la kwenu, kuliko kutia oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari.

Mara ya kwanza badilisha baada ya saa 20, kwa sababu injini mpya inamwaga vipande vidogo vya chuma wakati sehemu zake zinazoeana. Baada ya hapo ni kila saa 100 au miezi sita. Saa 100 zinasikika nyingi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lingekuwa limetembea kilomita 5,000 kwa muda huo, tena likiwa na lita nne za oili na filta. Pampu ya saa tano kwa siku inafika hapo kwa wiki tatu. Andika saa kwenye daftari au ukutani kwa chaki.

Namna ya kupima nayo inakosewa. Simamisha mashine mahali tambarare. Kwenye injini za aina ya GX kijiti cha kupimia kinaingizwa bila kufungwa uzi, na oili ikijaa inafika ukingoni mwa tundu. Ukiwa na uwezo, nunua injini yenye sensa inayoizima oili ikipungua. Sensa hiyo ndiyo pia inayozima pampu iliyowekwa kwenye mteremko mkali, na watu wengi huikata waya wakidhani imeharibika. Usiikate. Sawazisha mahali pa kuweka mashine, kwa sababu kwenye mteremko kile kijiko hakiifikii oili.

Petroli ya chupa za barabarani ina madhara?

Inaweza kuwa nayo makubwa. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaungua vibaya, inaleta masizi, na injini inapata joto. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza kuweka kinasaba (alama ya kutambulisha mafuta yasiyochakachuliwa) kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huu, lakini kinasaba hakimlindi mtu anayenunua chupa iliyopita mikono mitatu. Nunua kituoni, kwenye dumu la mafuta lenye mfuniko, na mimina kwa chujio. Tone la maji kwenye kabureta linatosha kukunyima usingizi.

Petroli pia inazeeka. Ikikaa kwenye kabureta miezi miwili mitatu inaacha gundi inayoziba jeti. Ukimaliza kazi ya siku, funga bomba la petroli. Usijaze tangi injini ikiwa ya moto au inanguruma.

Kisima changu kina maji mita 12 chini. Naweza kuishusha pampu ya petroli ndani ya kisima?

Usiishushe. Hata kwa dakika tano, hata mdomo wa kisima ukiwa mpana.

Tunaelewa watu wanavyofikia hapo. Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa kwenye mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari hewa hiyo inaweza kuinua maji kama mita 10 kwa hesabu, na kwa vitendo mita 7 au 8. Mbeya au Nairobi inapungua karibu mita mbili nyingine. Hakuna injini yenye HP yoyote inayoweza kuvunja mpaka huo. Basi mtu anachimba ngazi kando ya kisima, anaiteremsha pampu, na anakwenda kuiwasha.

Moshi wa petroli una kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na ndani ya shimo haina pa kwenda. Anayeivuta anahisi kizunguzungu na miguu kulegea kabla hajafikiria kupanda ngazi. Injini ikizimwa, gesi inabaki chini. Ndiyo maana anayeshuka kumwokoa mwenzake naye habaki salama. Ukikuta mtu ameanguka kisimani penye injini, usishuke. Ita zimamoto na majirani, avutwe kwa kamba na mtu aliye juu. Kanuni hiyohiyo inahusu jenereta ndani ya nyumba, stoo au baraza lililozibwa.

Kwa maji yaliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 7, unahitaji pampu ya kuzama ya umeme, ikipata umeme wa jenereta iliyo juu na mbali, au wa sola. Kwa mwenye kisima cha hivyo na shamba dogo, sola leo inastahili kupigiwa hesabu kabla ya petroli.

Pampu ya inchi 2 au inchi 3?

Ya inchi 2 hutoa kama lita 600 kwa dakika na ya inchi 3 kama lita 1,000, maji yakiwa hayapandi popote. Yakianza kupanda mlima kiasi hicho kinashuka haraka. Kwa matone, mipira ya kunyunyizia na mwinuko, inchi 2 yenye msukumo mkubwa inafaa zaidi. Kwa kujaza mifereji ya mpunga chukua inchi 3. Iweke karibu na maji, mpira wa kuvutia uwe mfupi, wa kusukumia ndio urefuke. Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha, la sivyo sili yake itaungua.

Itakula lita ngapi?

GX160 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote ya kawaida inakula kama lita 1.4 kwa saa. Tangi lake la lita 3.1 linakupa saa mbili na dakika kidogo. Injini yako ya saizi hiyo ikizidi lita mbili kwa saa, mtuhumiwa wa kwanza ni kabureta, wa pili ni filta iliyoziba. Kwa kazi ya saa nane kila siku mwaka mzima, kama ya kusaga nafaka, dizeli inalipa licha ya uzito na bei yake.

Nanunua iliyotumika. Niikague vipi?

Fika kabla haijawashwa, ushike bloku uone kama ni ya baridi. Anayeipasha moto kabla hujafika anaficha ugumu wa kuwaka. Vuta kamba polepole: lazima usikie ukinzani mahali fulani. Ikiwa laini mwanzo hadi mwisho, kompresheni haipo. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi inavumilika, yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Shika shafti uitikise juu na chini, isicheze.

Iwashe, uiache ipate moto, kisha uipe mzigo halisi. Moshi wa bluu ni ringi au sili za valvu, mweusi ni kabureta au filta. Chomoa plagi mwishoni: rangi ya kahawia hafifu ni afya. Na uangalie springi ya gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini. Ikiwa imefungwa kwa waya au kukunjwa ili injini ipige resi zaidi, achana nayo, kwa sababu imekimbizwa kupita 3,600 kwa muda usiojulikana na konrodi yake imechoka.

Nimeshanunua mpya. Siku ya kwanza nifanye nini?

Tia oili. Injini mpya husafirishwa zikiwa kavu, na dukani wakati mwingine hutiwa kidogo ya majaribio kisha ikamwagwa. Pima mwenyewe hata muuzaji akikuapia.

Kaza bolti zote za kuifunga kwenye fremu, kisha iwashe bila mzigo dakika chache. Kwa saa 20 za kwanza ifanyie kazi nyepesi hadi ya kati, ukibadilisha resi mara kwa mara, halafu umwage oili ikiwa bado ya moto. Nunua siku hiyohiyo plagi ya akiba (GX160 hutumia BPR6ES, nafasi kati ya ncha zake ni milimita 0.7 hadi 0.8), filta moja na kamba moja. Msimu ukiisha, funga bomba la petroli, uiache ingurume mpaka izime yenyewe, fungua kibolti cha chini ya kabureta umwage kilichobaki, kisha vuta kamba taratibu mpaka ikaze na uiache hapo, valvu zikiwa zimefunga ili unyevu usiingie kwenye silinda.